Tapeti za Teksi ya Baba

Gereji nzima walimwita Dada Fundi, na wateja wakafuata. Ukimletea gari, hakuwa na haraka ya kufungua boneti. Alikwambia uliwashe, kisha akasimama kando, mikono mgongoni, akisikiliza kama mtu anayetega sikio ugomvi wa jirani. Mjomba wake, mwenye gereji, alipenda kumtania: "Huyu akiolewa na mume anayekoroma, atamfungua kichwa aone valvu." Dada Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote.

Gari moja tu hakuwahi kulifungua: teksi ya baba yake. Ilikuwa ya zamani, na injini yake iligonga, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Tapeti, vyuma vidogo vinavyosukuma valvu, zilikuwa zimelika. Mara nyingi alimwomba baba amruhusu kuzitengeneza, na baba akakataa katakata. "Iache hiyo kelele, mwanangu. Mama yako akiisikia kwenye kona anabandika chai. Ukininyamazishia gari nitakunywa nini?"

Baba akafia ndani ya teksi hiyo. Ilikuwa mchana kweupe. Aliegesha kando ya barabara karibu na kituo cha mafuta, akainamisha kichwa kwenye usukani, moyo ukasimama. Injini haikuzimika. Baba alipopigiwa simu asipokee, Dada Fundi alitoka kumtafuta kwa miguu, na kabla hajaiona teksi aliusikia mlio wake. Akafurahi. Hata mwendo akaupunguza, akafuta mikono kwa tambara, akajisemea, "Mzee mzima, kumbe yuko hapa tu." Alipofungua mlango ndipo alipoelewa. Injini ile aliizima yeye, kwa kupitisha mkono juu ya mapaja ya baba yake.

Baada ya mazishi teksi ikawa yake, akawa anakwenda nayo kazini. Jioni ya kwanza, alipokata kona ya mtaa wao, alimwona mama yake ameshafungua geti, amesimama na kitambaa cha jikoni begani, uso umechangamka. Mama akatazama kwenye kiti cha dereva. Uso ukamshuka. Akarudi ndani. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa.

"Mama, ni mimi. Si unajua kwamba ni mimi?"

"Najua," mama akasema, huku akimwaga chai ya kikombe cha pili kwenye sinki. "Miguu ndiyo haijui."

Mama hakuwa amelia msibani. Watu walimsifu kwa kujikaza. Binti yake aliogopa. Naye mwenyewe hakuwa na nafuu. Kila alipowasha injini aliuona ukosi wa shati la baba uliopinda shingoni. Akaanza kuiacha teksi gereji na kwenda kwa miguu, lakini mlio ukamfuata: bomba lililokuwa likidondosha maji, cherehani iliyosikika dirishani kwa jirani, vyote viligonga vile vile, naye akasimama njiani kama aliyeitwa.

Asubuhi moja akamwambia mjomba, "Leo naifungua."

"Nikusaidie?"

"Nishikie taa tu."

Alipotoa kifuniko cha juu, harufu ya oili iliyoungua ikampanda puani. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nguo za baba. Akaizungusha injini mpaka alama zake zikalingana, akaifunga cheni isiteleze, kisha akalegeza vishikizo vya kemshafti, zile fimbo za chuma zinazolala juu ya valvu, kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati, ili chuma kisipinde. Kemshafti zote mbili zikatoka. Nundu zake zenye umbo la yai, zinazosukuma valvu, zilikuwa zimelika mpaka ncha zimekuwa bapa. Akazichomoa tapeti kwa sumaku, vikombe vidogo vya chuma, kila kimoja kina makovu usoni.

Mjomba akageuza kimoja kiganjani. "Hii ilikuwa inaumwa kweli. Na shemeji alijua."

"Alijua."

Akapaka oili tapeti mpya na kemshafti mpya, akafunga, akapima nafasi ya kila moja, akaizungusha injini kwa spana kuhakikisha hakuna kinachogongana. Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva, na mkono ukakataa.

"Niwashe mimi?" mjomba akauliza.

"Hapana, mjomba. Aliyezima ni mimi."

Injini ikagonga kidogo, oili ikapanda, ikatulia. Alitegemea kupumua. Badala yake alijisikia kama mtu ambaye mwenzake ametoka chumbani katikati ya mazungumzo.

Jioni alikuta geti limefungwa. Akalifungua mwenyewe. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo, akashtuka.

"Umeingiaje?"

"Na gari, mama."

Mama akatoka miguu mitupu, akaweka kiganja juu ya boneti. "Liwashe." Likawashwa. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Umemnyamazisha," akasema.

"Nimetengeneza gari tu, mama."

"Ndiyo. Umemnyamazisha."

Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango akalia, kilio ambacho msibani hakikutoka, mpaka majirani wakachungulia. Binti akakaa pembeni yake, akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba siku ile, kabla ya kufungua mlango, alikuwa amefurahi.

Mama akajifuta macho. "Hata mimi, mwanangu. Kila jioni. Hatua zile za kwenda getini, nilikuwa nafurahi."

Tangu siku hiyo mama hakutoka tena kungojea. Alianza kulala usingizi mzuri, na mashati ya marehemu akampa kaka yake. Dada Fundi hakupata bahati hiyo. Mchana, magari yote yakiwa yamezimwa, mara aliinua kichwa ghafla, akatoka mpaka barabarani, akatazama huku na huku, akarudi. "Umesikia nini?" mjomba alikuwa akimuuliza. "Hamna kitu."

Mpaka mchana mmoja mjomba naye alipoisikia, ta-ta-ta-ta, akainua kichwa. Spana ikabaki hewani. Wakatazamana. Teksi ilikuwa imeegeshwa kivulini, boneti yake imepoa, hakuna mtu ndani. Mjomba akaongeza sauti ya redio, wote wawili wakainamia kazi.