Doa Kwenye Kope

Binti yangu alizaliwa na kidoa kwenye kope ya jicho la kulia, kama ameumwa na mbu. Alipofika miezi miwili kilikuwa kimevimba, chekundu kama nyanya, na jicho halifunguki vizuri. Kwenye bomba la maji la ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaani Baba Dogo, kila mtu alikuwa daktari.

"Wee, ulimchoma na chai?" mmoja akaniuliza.

"Chai gani?" jirani wa mlango wa pili akadakia. "Alitamani nyama akiwa na mimba, akanyimwa, akajishika uso, doa likamtokea mtoto hapo hapo. Si mnaona?"

Walicheka. Nilicheka pia, kisha nikaingia ndani nikajaribu kukumbuka kama niliwahi kujishika uso.

Hospitalini daktari alisema ni mishipa midogo ya damu iliyokua kupita kiasi. Mingi hufifia yenyewe, ila hii ilikaa pabaya: ikifunika mboni, jicho halitajifunza kuona. Akamwandikia dawa ya maji, ile ile wanayopewa watu wazima wenye presha, mara mbili kwa siku.

"Na mama, akikataa kunyonya, usimpe dawa."

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Lakini mimi ni mtu wa kukunja nepi upya kama pindo hazijalingana. Niliweka kengele ya simu saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, na kwa wiki tatu sikuchelewa hata dakika. Doa likaanza kunywea. Nikaamini ni dakika zangu zilizolifanya linywee.

Asubuhi moja aliamka na mafua, pua imeziba, akakataa titi. Kengele ikalia. Nikafikiri: nikiruka mara moja tu, doa litarudi, jicho litapotea, na aliyelipoteza nitakuwa mimi. Nikavuta dawa kwa sirinji, nikahakikisha haina povu, nikampa.

Kufikia saa nne alikuwa ametokwa na jasho baridi, shingo imelegea. Nilipiga mayowe. Yule jirani wa mlango wa pili ndiye aliyefika kwanza.

"Amenyonya?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

Alikimbia kwake akarudi na glukosi, akampaka kwenye ufizi kwa kidole. "Lamba, mama, lamba," alimwambia mtoto, huku akinisukuma mlangoni tutafute boda boda.

Hospitalini walipima, sukari ya damu ilikuwa imeshuka. Walimtundikia maji, akaanza kulia, na sijawahi kufurahia kilio namna ile. Daktari hakunigombeza. "Siku moja bila dawa si kitu," alisema. "Tumbo tupu ndilo hatari."

Siku tulipoambiwa tuanze dawa tena, alinyonya kidogo akaachilia. Sikujua kama huko ni kushiba. Nikampeleka kwa jirani.

"Hii imetosha?"

Akampapasa tumbo. "Bado. Ngoja anyonye tena."

Saa mbili ilikuwa imepita zamani. Nikaketi kwenye kitanda cha jirani, chupa ya dawa mkononi, nikangoja.