Deni la Klachi

"Basi nifunge kamba na turubai kabisa, uniweke kwenye buti!" Mama Gia alisema, mlango wa gari ukiwa wazi na mguu wake mmoja uko nje. "Si nimekuwa mzigo? Mzigo haukai mbele."

"Mama, nakuomba, kaa nyuma."

"Nyuma wanakaa watoto na vitunguu."

"Na watu wanaotaka kutuua," binti yake akajibu. Alisimama pembeni mwa barabara kuu, mikono kiunoni. Magari yaliyopita yaliwapigia honi. "Nalipita lori, mama. Basi linakuja mbele, nalipimia kabisa, najua nitawahi. Halafu wewe unanyoosha mkono unanitolea gia!"

"Sikukutolea. Gari lako ndilo lililoniita."

"Gari haliiti mtu!"

"Hili lako haliiti, najua. Ndiyo maana lilipoita nikaitika upesi."

Ukimsikiliza hivyo unaweza kudhani mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa, na binti yake alikuwa njiani kuamini hivyo. Hakuwa amechanganyikiwa hata chembe. Ulikuwa mkono wake wa kulia tu. Mkono huo ulifanya kazi moja kwa miaka kumi na mmoja, na siku hiyo uliposikia injini inalia, ulikwenda kazini bila kuomba ruhusa kwa mwenyewe.

Mumewe alikuwa msambazaji wa mayai, mwenye pikapu ambayo weupe wake ulikuwa umebaki kwenye karatasi za usajili. Siku moja alikuwa anabadilisha gurudumu, jeki ikateleza, gari likamlalia mkono wa kushoto. Mkono ulipona kwa kuutazama. Kwa kuutumia haukupona. Vidole vilikataa kufumba, ukawa unaning'inia kama mkono wa sweta iliyotundikwa msumarini. Mwanamume mwingine angeuza gari akaanza kulaumu majirani. Yeye alikaa wiki tatu akitazamana na ukuta, na ya nne akamwita mkewe.

"Mama watoto, miguu ninayo. Mkono wa usukani ninao. Nimepungukiwa mkono wa gia tu. Wa kwako asubuhi unafanya nini?"

"Unakuchemshia chai."

"Chai tutakunywa tukirudi."

Hivyo ndivyo mwanamke ambaye hakuwahi kushika hata usukani wa baiskeli alivyopanda kiti cha kushoto, akawa nusu ya dereva. Mume alikanyaga klachi, mke aliingiza gia. Mwanzoni ilikuwa ni kupiga kelele tu: "Mbili! Tatu! Tatu nimesema, hiyo ni moja, unataka kuiua giaboksi?" Wiki ya kwanza walikula mayai ya kukaanga asubuhi, mchana na jioni, mpaka watoto wakasema bora njaa. Kwa sababu yai halina msamaha. Ukiingiza gia kabla klachi haijafika chini, gari linaruka kama mbuzi, na trei ya juu inaimwagikia ya chini.

Lakini mkono ni mwanafunzi mzuri kuliko kichwa. Mwezi wa tatu hakuna aliyekuwa anataja namba. Injini ilipanda sauti, mguu wa mume ukaachia mafuta kidogo, gari likawa kama limevuta pumzi. Na katika pumzi hiyo goti lake la kushoto liliposhuka, mkono wa mkewe ulikuwa umeshafika. Kwenye ule mteremko mrefu wa kuingia mjini walikuwa wanagonga tisini, wakati mwingine mia, trei themanini nyuma, na hakuna yai lililopata hata ufa. Watu waliopishana nao waliona dereva mmoja na abiria mmoja. Kumbe lilikuwa gari la watu wawili, na mmoja akipiga chafya wote wanapunguza mwendo.

Askari wa barabarani aliwahi kuwasimamisha. Alizunguka gari, akachungulia, akauliza, "Dereva hapa ni nani?"

"Mimi kuanzia kiuno kushuka," mume akasema. "Kupanda, muulize huyu."

Askari alitafuta kosa hilo liitwaje, akalikosa. Akawaambia waende kabla hajalikumbuka. Habari ikafika sokoni, na tangu siku hiyo wenye maduka wakamwita Mama Gia. Jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye cheti, limetulia.

Sasa, kitu kimoja kilimkera. Miguu. Kila walipomaliza kushusha trei alimwambia mumewe, "Nifundishe na klachi."

"Kesho."

Na kesho ya mume wake ilikuwa haiishi kama uzi wa sweta kuukuu. Jumapili moja Mama Gia alikuwa uani, kitambaa kibichi mkononi, anafuta mayai kinyesi, akasikia pikapu inakohoa kwenye uwanja wa ghala lililofungwa, mbele ya nyumba. Akachungulia. Mumewe alikuwa amekaa kiti cha kushoto, kile chake yeye, na kwenye usukani amekaa binti yao, msichana wa miaka kumi na saba, anacheka na kukanyaga klachi.

"Na mimi je?" aliuliza walipoingia ndani.

"Zamu yako kesho," mumewe akasema. Kisha akaongeza, kwa mzaha, "Lakini nikikupa na miguu, mimi utanihitaji wa nini?"

Alicheka. Kilichocheka ni mdomo. Macho yalikuwa yanangoja jibu. Mama Gia aliyaona macho hayo, aliyaona vizuri kabisa. Lakini ulimi wake siku zote umekuwa na mbio kuliko moyo.

"Wa kubeba trei," akamjibu.

Wakacheka wote, wakala, wakalala. Hakuomba tena kufundishwa, na mumewe hakusema tena kesho. Mwaka jana, mchana mmoja baada ya kazi, mume alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani akaomba chai. Chai ilipofika alikuwa ameshaondoka. Ikapoa pale pale, maana nani angeinywa?

Biashara ya mayai ilikwenda kwa kijana mwenye pikipiki. Wateja walimpenda Mama Gia, lakini mapenzi hayaleti mayai dukani. Alikuwa na mkono hodari kuliko madereva wengi, na hakuwa na miguu. Wiki ya pili baada ya mazishi aliingia kwenye pikapu, akakaa kiti chake cha kushoto, injini imezimwa, akaingiza moja, mbili, tatu, nne, tano, akarudi mpaka moja. Gia zilikubali zote. Ukuta wa mbele haukusogea hata inchi. Siku nyingine alimkuta kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Akamfukuza kwa matusi ambayo kuku hakuyastahili.

Ndipo binti, ambaye sasa alikuwa anasambaza dawa kwenye maduka ya miji mitatu na amepewa gari jipya na kampuni, akaanza kumchukua mama yake kila Jumamosi ili asikae peke yake. Nia njema. Lakini gari lenyewe! Otomatiki. Pedeli mbili tu, na mkono wa gia wenye herufi badala ya namba. Unauweka kwenye herufi ya kwenda, basi, litajua lenyewe. Lilipanda kutoka ishirini mpaka mia na ishirini kama mtu anayepandishwa daraja ofisini na mjomba wake: hakuna aliyemsikia anafanya kazi, unashtukia tu yuko juu. Vioo vilifungwa, hewa baridi inapuliza, miti inakimbia nje bila sauti. Binti aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine uko pajani. Mguu wa kushoto umelala. Alikuwa dereva mzima, wala hakupungukiwa na kitu.

Mama Gia alikaa kando yake na mkono wake wa kulia juu ya mkoba, kama mgeni sebuleni anayeogopa kugusa vitu. Kwenye pikapu walikuwa wakizidi themanini lazima wapige kelele ndipo wasikilizane, na bado walikuwa wanazungumza safari nzima. Humu ndani ungeweza kusikia sindano ikianguka, na hakukuwa na la kusema.

Mpaka lile lori. Binti alitoka kulipita, akakandamiza mafuta mpaka chini, na gari ambalo siku zote lilikuwa limenyamaza likashusha gia lenyewe na kulia. Kilio kirefu, kinapanda, kinapanda. Kwa sikio la binti huo ni mwendo. Kwa sikio la Mama Gia injini ilikuwa inaomba: *niongeze, nimechoka, niongeze.* Baada ya mwaka mzima kitu kikamwomba. Mkono ulitoka juu ya mkoba, ukashika, ukasukuma mbele kuitafuta namba tano.

Mbele hakukuwa na tano. Gari likatoka kwenye gia likiwa mwendo wa mia na thelathini, injini ikapiga ukelele wa bure, nguvu ikakatika. Basi lilikuwa linakuja na taa zimewashwa. Binti alifunga breki, akarudi nyuma ya lori kwa upana wa kiganja. Basi likapita, na upepo wake ukalitikisa gari zima.

Ndipo wakafika pale pembeni mwa barabara, kwenye ugomvi wa vitunguu.

Mwishowe Mama Gia alikaa nyuma. Wakarudi barabarani.

"Kesho saa nne yule mwenye duka la saruji aliyeinunua pikapu anakuja kuichukua," binti akasema, akimtazama kwenye kioo. "Usimgeuke. Betri ameshaweka mpya kwa pesa yake."

"Haiondoki na deni."

"Deni gani tena? Baba hakuacha deni."

"Aliacha. Na aliyelipwa ni wewe."

"Mimi?"

"Ile Jumapili ya klachi. Ilikuwa zamu yangu." Mama Gia alisema akitazama dirishani, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sabuni. "Kumi na saba ulikuwa nayo, ulikuwa na kesho nyingi. Mimi hiyo ndiyo niliyokuwa naingoja."

Binti akapunguza mwendo, ingawa mbele barabara ilikuwa nyeupe.

Asubuhi saa moja binti alikuwa mlangoni amevaa raba. Hakusalimia sana. "Funguo ziko wapi?" Akaitoa pikapu mpaka kwenye uwanja wa ghala, na kwa umbali huo mfupi ikamzimikia mara tatu.

"Mguu wangu wa kushoto umestaafu," akasema, jasho limemtoka.

"Uwe unaupa kazi. Hata kupiga teke kuku."

Wakabadilishana viti. Mama Gia akakaa kwenye usukani, akavuta kiti mbele, akakanyaga klachi. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Miaka yote hiyo aliiona inashuka kama mtu anayekanyaga mto wa kulalia. Akanyoosha mkono kushika gia, na mkono ukagonga mlango.

Akashangaa. Mkono wake wa kulia, ule hodari, sasa uko upande wa dirisha. Uliokuwa kwenye gia ni wa kushoto, ambao haukuwahi kufunzwa chochote zaidi ya kushika upande wa pili wa sufuria. Alipoujaribu ulipapasa kama kipofu kwenye nyumba ya watu. Gari likaruka, likazima. Akajaribu tena, likaruka, likazima.

"Acha nikusaidie," binti akasema kutoka kiti cha kushoto. "Wewe klachi, mimi gia. Kama zamani."

Wakaanza. Moja. Gari likasogea, injini ikapanda sauti. Mama Gia akaachia mafuta, akakanyaga klachi mpaka chini, akangoja.

Ilikuwa nusu sekunde tu. Lakini katika nusu sekunde hiyo gari halina mwenyewe: injini iko peke yake, magurudumu yako peke yake, na wewe uliyekanyaga huna la kufanya zaidi ya kungoja mkono wa mtu mwingine uje. Usipokuja, huendi popote. Hakuwahi kulijua hilo. Yeye siku zote ndiye aliyekuwa mkono.

"Mbili," binti akasema, na ikaingia.

Walizunguka uwanja mara mbili. Kisha Mama Gia akasimamisha.

"Shuka."

"Mama, bado hujaweza."

"Ndiyo maana nakwambia shuka. Nikiweza utaniona."

Binti akashuka, akasimama karibu na mlango wa ghala, kiganja mdomoni. Pikapu ikaruka, ikazima, ikaruka, ikakubali. Moja. Klachi chini, kimya kile, kiti cha kushoto kitupu, na kitambaa chake kimechanika pale alipokuwa anakaa yeye. Mama Gia alikitazama muda mrefu kidogo kuliko anavyopaswa dereva.

"Si wa kubeba trei," alikiambia. "Nilikujibu vibaya."

Mkono wake wa kushoto ukaja taratibu, ukaipata mbili, na mbele kidogo ukaipata tatu. Alizunguka ghala lote, nyuma ambako binti hakumwona, akatokea upande wa pili.

Mwenye duka la saruji alikuwa ameshafika, amesimama na binti, anatazama mali yake inavyoteswa.

"Ulikuwa unaongea na nani mle ndani?" binti akauliza mama yake aliposhuka. "Nimeona mdomo unacheza."

"Nilikuwa nalipa deni la kwangu." Akampa yule mtu funguo. "La baba yako nimeshapokea. Gia ya pili inataka mkono wa taratibu, bwana. Usiikurupushe."

Pikapu ikaondoka. Mama Gia akaenda kwenye gari la binti, akafungua mlango wa nyuma, akaingia mwenyewe.