Vema ya Tatu

Leo nimempigia mwanangu vema kwa kuandika kifo cha mama yangu.

Ngoja niwasimulie.

Shule zimefungwa, ila ualimu haufungwi. Asubuhi nilikaa barazani na Rehema wangu wa darasa la tatu, nikamweleza kwamba Desemba tisa ina mambo mawili. Mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Mwaka uliofuata, tarehe hiyohiyo, ikawa jamhuri.

"Kama watoto wawili waliozaliwa siku moja?"

"Ndiyo, mwanangu. Haya, andika."

Nikarudi kuosha mchicha (una mchanga huo, acheni tu).

Akaniletea daftari. Nikashika kalamu nyekundu. Walimu wenzangu mnajua, mkono unasahihisha kabla macho hayajasoma.

Vema. Vema. Vema. "Vizuri sana."

Ndipo nikashtuka. Nilimpa mambo mawili, hiyo vema ya tatu ni ya nini?

Nikasoma.

"Mwaka jana, tarehe hiyohiyo, Bibi alifariki. Mama alipika chai ya watu."

Ni kweli. Nilipika chai ya msibani tangu alfajiri mpaka jioni. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na nadhani hata kwa lile somo la asubuhi nilikuwa naikwepa tarehe yenyewe.

Nikachukua kifutio. Nikaifuta vema ya wino kwa kifutio, mimi, mwalimu.

Rehema akaniangalia. "Kwani nimekosa, mama?"

"Hujakosa."

Na kwenu, Desemba tisa kulitokea nini? Niandikieni, nitasoma.

Mchicha nimeshauosha mara tano. Bado naosha.