Sanduku la Shemeji

Nilifungua lile sanduku la chuma kwa dakika nne, tena huku napiga mluzi. Najuta mpaka leo.

Mimi ni fundi wa vitasa na makufuli. Shemeji yangu, mume wa dada, alinunua bastola kihalali baada ya wezi kuwavamia nyumbani. Kibali anacho, na sanduku la kuitunzia analo.

Dada hakuitaka kabisa. "Kaka, kile kitu kinaninyima usingizi."

Nikamcheka. Mtu ana haki ya kulinda nyumba yake, bwana. Sasa ulitaka awarushie wezi sufuria?

Kazini nina sharti moja. Sanduku la silaha silifungui mpaka waje watu wazima wawili wa nyumba hiyo. Nimewarudisha wengi, wakanitukana.

Jumamosi asubuhi shemeji akaja nalo kwenye buti la gari. Macho mekundu, vifungo vya shati vimepishana.

"Shemeji, nimepoteza ufunguo."

"Dada yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Kwani huniamini?"

Nikaona haya. Shemeji yangu mwenyewe, nimhoji kama mteja wa kuokota? Nikatoboa kitasa, mlango ukaachia. Akachukua bastola yake akaondoka. Sanduku akaniachia, hata asante hakusema.



Muda si mrefu dada akapiga simu. Alikuwa ananong'ona.

"Kaka, shemeji yako akija usimfungulie sanduku. Jana alininyooshea bastola. Alipoirudisha na kulala, nikautupa ufunguo chooni. Nimeamka simwoni, wala sanduku silioni."

Kabla sijajibu, nikasikia kwenye simu gari likiingia kwao.

"Amerudi," akasema. "Nimejifungia chumbani. Hiki kitasa si ulikifunga wewe?"

"Ndiyo."

"Kitahimili?"

Kile kitasa ni chepesi, nakijua. Nikamwambia kitahimili, huku nakimbilia kwao.

Kilihimili risasi mbili. Ya tatu kikaachia.

Dada tulimzika wiki hiyo hiyo.

Siku hizi watu wakibishana hapa kwenye benchi la karakana, silaha ziruhusiwe au zisiruhusiwe, wananiuliza, fundi unasemaje?

Nawaambia, anayeomba silaha msimuulize yeye kama ni mtu mwema. Waulizeni anaolala nao nyumba moja.

Mimi, dada yangu alinijibu hata kabla sijamuuliza. Nikamcheka.