Gauni la Vipimo vya Zamani

Fundi alimzidi mdogo wake miaka mitatu, na kwa muda wote niliowafahamu sikuwahi kusikia wamegombana. Waliosema wanapendana walikuwa sahihi. Waliosema mkubwa ana kijicho nao walikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nauza vifungo na nyuzi mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yake. Mengi ya haya alinisimulia mwenyewe, machache niliyaona.

Walitoka tumbo moja, lakini mkubwa alichukua rangi ya baba, mweusi tii, na mdogo akachukua ya mama. Tangu mdogo yuko mgongoni, wageni wakiingia walimwita Cheupe, na jina likamganda. Mkubwa hakupewa jina, alipewa kazi. Nguo zikitakiwa kuanikwa saa saba mchana, aliyeitwa ni yeye. Siku moja aliuliza kwa nini Cheupe haendi, mama akamjibu bila ubaya wowote: "Mwenzako ataungua. Wewe jua halikudhuru." Neno la kawaida kabisa, ambalo mama hakulifikiria tena. Fundi alitembea nalo mpaka utu uzima.

Cheupe alipomaliza masomo akapata kazi ya mapokezi katika ofisi ya bima, na watu wakasema ni rangi iliyomfungulia mlango, kana kwamba hakufanya mtihani kama wengine. Akaolewa, akanenepa, na shangazi yao akawa anamshika mkono mbele za watu na kusema, "Huyu ametunzwa." Fundi alikuwa nyuma ya cherehani yake. Alikuwa fundi hasa. Akikutazama mara moja anakijua kiuno chako kuliko unavyokijua mwenyewe. Wateja waliisifu mikono yake. Uso hakuna aliyeusifu, na sifa aliyoingoja ilikuwa hiyo.

Kwenye droo, chini ya mabobini, aliweka kikopo kisicho na lebo. Ulikuwa mkorogo, krimu ya kujichubua aliyochanganyiwa na muuza vipodozi mmoja wa sokoni. Baada ya miezi michache uso ukawa mweupe, lakini viungo vya vidole viligoma, vikabaki na weusi wao, na shingo ikaingia mabaka. Akaanza kujishonea nguo za kola ndefu na mikono inayofika kwenye kiganja, akizivaa hata siku za joto la kupasua mawe. Nilimuuliza mara moja. Akasema ana mzio wa vumbi.

Wakati huohuo Cheupe akaanza kukimbia.

Ilianza kama mzaha. Ngazi za ofisini zilikuwa zinammaliza pumzi, mwenzake mmoja akamwalika uwanja wa shule baada ya kazi. Mwezi wa kwanza alizunguka mara moja akakaa chini. Mwaka ulipokwisha, alikuwa na kundi la wanawake kumi na mmoja waliopita barabara yetu kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Mashavu yalikwisha, nyonga zikapungua, na ile ngozi iliyolindwa kwa mwavuli tangu utotoni ikaiva, ikawa kahawia.

Fundi alifurahi. Aliniambia hivyo miaka kadhaa baadaye, bila kupindisha. Alingoja watu waseme, na kweli walisema. Shangazi alikuja dukani kulalamika kwamba mtoto ameharibika, amekauka kama ukuni, mumewe atadhani amebadilishiwa mke. Shemeji naye alinuna wiki mbili tatu. Kisha shemeji akanunua raba. Ikawa jioni anamsubiri mkewe uwanjani na chupa ya maji, na baadaye akaanza kuzunguka naye, akihema nyuma. Cheupe akiambiwa amekuwa mweusi, alicheka na kujibu kwamba amekuwa na pumzi pia.

Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Fundi. Wivu wake wa kwanza ulikuwa wa mtu asiye nacho kumtazama mwenye nacho, na huo alishauzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Huu wa pili ulikuwa mpya. Kile alichokitamani maisha yake yote, akakichubulia na ngozi, mwenzake alikuwa anakiacha kiunguzwe na jua kama mkeka mkuukuu, na bado anapendwa. Jumamosi moja nilimwona amesimama mlangoni wakipita. Cheupe alikuwa mdomo wazi, jasho linamchuruzika, fulana imemgandia mgongoni, hajali anatazamwa na nani. Fundi akaingia ndani, akarudisha mlango, na asubuhi ile cherehani haikulia.

Mwaka huo mama yao alistaafu. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, miaka thelathini na mmoja ya mashuka, na wenzake wakamwandalia sherehe katika ukumbi wa chakula. Aliomba jambo moja tu: mabinti zake wavae kitambaa kimoja. Cheupe akakileta dukani, cha kijani kibichi, akasimama apimwe. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi sita. Fundi alipima, akaandika, akamwambia asiwe na wasiwasi. Alipobaki peke yake akafunua daftari kurasa za nyuma, akatafuta vipimo vya mdogo wake vya miaka miwili iliyopita, akakata kitambaa kwa hivyo.

Gauni alilipeleka siku ya sherehe yenyewe, saa moja kabla, Cheupe asiwe na nafasi ya kutafuta jingine.

Nilikuwa mmoja wa waalikwa. Cheupe aliingia na mabega ya gauni yananing'inia, kiuno kimepwaya, mifupa ya shingo iko nje. Pembeni yake Fundi alikuwa amevaa kitambaa kilekile, kimemkaa kama amezaliwa nacho. Minong'ono ilianza soda hazijafunguliwa. Halafu mfuaji mmoja mtu mzima, aliyewabeba wote wawili utotoni, akamshika mama mkono na kumuuliza, kwa huruma na kwa sauti iliyosikika meza tatu, kama binti amepima, na kama ameshaanzishiwa dawa. Mama alikuwa ameshika karatasi ya hotuba yake. Akasoma sentensi ya kwanza, akairudia ileile, akakaa.

Fundi alikuwa amemtakia mdogo wake aibu. Wakati anakata kitambaa, mama hakumjia kichwani hata kidogo.

Cheupe akapita nyuma ya viti, akamgusa Fundi bega. Wakaenda chumba cha kufulia, ambako kulikuwa na cherehani ya kushonea mashuka yaliyochanika.

"Dada, wewe hukosei vipimo," Cheupe alisema.

Fundi akasema alikuwa na haraka.

"Unanishonea tangu niko darasa la pili. Haraka yako naijua."

Fundi akakaa juu ya furushi la mashuka. Akasema alikata kwa vipimo vya zamani, kwa makusudi, ili watu wamwone amekonda. "Nakuonea wivu mpaka naumwa," alisema.

"Najua. Nimejua tangu utoto. Nisichokijua ni unataka niufanyie nini huo wivu wako." Cheupe hakuwa analia, na sauti hakuipandisha. "Nilipokuwa mweupe ulinuna. Nimeungua, umenuna zaidi. Niwe vipi, dada?"

Cheupe akavua gauni, akamtupia mapajani. "Shona. Mama anangoja."

Chumba kilikuwa kimejaa mvuke wa mashine. Fundi alifumua mishono ya pembeni, na kwa kuwa jasho lilikuwa linadondokea kitambaa, akasahau akakunja mikono ya nguo yake mpaka kwenye viwiko. Alipoinuka kubandika pini aliona, kwenye bega la mdogo wake, mstari ulionyooka ambapo fulana ya mazoezi huishia: nje yake kahawia, ndani ule weupe wa zamani. Cheupe naye alikuwa anatazama mikono ya dada yake, yenye mabaka mekundu na sehemu zilizokuwa zinabanduka. Kisha Cheupe akauliza kwa upole ni nani aliyemuuzia, na kama inauma.

"Inawasha," Fundi alijibu. "Likiwaka jua, inauma."

Gauni lilikuwa tayari kwa dakika ishirini. Waliporudi ukumbini, waliodhani Cheupe anaumwa waliendelea kudhani, ila wachache walimtazama upya na kuuliza anakimbilia wapi siku hizi. Mama alisimama, akaisoma hotuba yote.

Kesho yake Fundi alimweleza mama ukweli. Mama hakumsamehe hapohapo. Alimwambia amemwaibisha siku ambayo haitarudi, na wiki nzima hakumsemesha. Aliyempeleka kwa daktari wa ngozi ni Cheupe. Kuacha mkorogo kulikuwa kugumu kuliko kuuanza. Kwa miezi mingi uso haukuwa mweupe wala mweusi, wateja walimkodolea macho, na mara mbili nilimkuta amejifungia akilia. Rangi yake ilirudi polepole, isipokuwa mabaka mawili ya shingoni, ambayo daktari alisema ayazoee.

Uwanjani alianza kwa kukaa kwenye benchi. Baadaye akawa anatembea wakati wenzake wanakimbia, na mpaka leo anatembea tu. Anasema kukimbia ni kwa wenye deni na wezi.

Nilimuuliza kama wivu umekwisha. Akacheka, akasema wivu hauna likizo. Ila sasa haufungii tena kwenye droo. Ukimpanda, humwambia mdogo wake palepale.

"Leo nimekuonea wivu."

"Wa nini tena, dada?"

"Magoti. Yangu yanalia kama bawaba."

Cheupe hupunguza mwendo, wakatembea pamoja mzunguko mmoja, kisha humwacha akaenda zake mbio, na Fundi humtazama anavyokwenda.