Kahawa Iliyonuka Kombe

Kwenye ghala moja hapa Omurushaka, mnunuzi ameinusa kahawa ya mtu na kukunja pua. "Hii ilinyeshewa." Mimi nimeivuta harufu hiyo mpaka ndani kabisa.

Nyumbani, enzi za utoto wangu, kahawa ikiwa imeanikwa hakuna mtoto aliyecheza mbali. Likianguka tone moja tu la mvua, mama alituita tuianue, kwa Kinyambo chetu, mpaka majirani wote wasikie. Lakini siku ya fainali ya kombe, tumeizunguka redio uani, timu yetu imebakiza penalti moja tu ilibebe, mvua ikaanza.

"Kahawa inalowa!" baba akapiga kelele kutoka migombani.

Hakuna aliyeinuka. Mama akaifunika redio kwa kitenge chake, mgongo wote mvuani. "Itakauka! Penalti hii haipigwi mara mbili!"

Gooooli! Mama akarukia majamvi ya kahawa, sisi nyuma yake, punje zikitawanyika chini ya miguu yetu. Baba naye akaja mbio, akacheza na panga lake mkononi.

Mnunuzi wa siku zile aliikataa kahawa yetu. "Mama, hii inanuka nini?"

"Kombe, mwanangu," akajibu, akacheka mpaka akakalia gunia.