Harufu ya Mafuta ya Bunduki

Siku ile tulikuwepo baba, mama, wadogo zangu wawili, mimi, na rafiki wa baba, mwenye bunduki. Leo fundi cherehani hapa mtaani Nyalenda ametia mashine yake mafuta, na harufu imenirudisha uani petu kando ya ziwa, rafiki huyo akifuta mtutu kwa kitambaa. Kiboko alikuwa amemaliza mahindi yetu.

"Omera, ndugu yangu, leo utakula nyama usahau vidagaa vya omena," baba alimtania.

"Jifunze kukimbia kwanza. Hiyo tumbo itakuangusha," rafiki alimjibu.

Mama hakucheka. "Baba watoto, matete yamekuwa marefu. Ngojeni kesho."

Walikwenda. Tulisikia mlio mmoja, kisha hata ndege wakanyamaza.

Rafiki alirudi amembeba baba mgongoni. Kiboko alikuwa amemuua. Kwetu, aliyebeba maiti hivyo halali nyumbani mwake mpaka wafiwa wamchinjie kondoo. Mama naye hakukaa sana, akafariki. Niliacha shule, na kila nilichopata kililiwa na wadogo zangu. Yule rafiki, sasa mzee, hajanidai kondoo wake hata mara moja. Mpaka leo analala kwenye banda la nyavu, na mkewe humwachia chakula mlangoni.